Ukuta wa Jiko la Deolinda

Jumamosi, tarehe nane Novemba, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mpaka asubuhi ile kila kitu kilikuwa kinakwenda kama kilivyopangwa, na hilo peke yake lilitosha kumtia Zeferino Couto wasiwasi. Katika umri wake wote hakuwahi kuona jambo linalomhusu yeye likienda kama lilivyopangwa, labda liwe limepangwa na wakubwa ili limwangukie.

ALHAMISI, SAA TISA ALASIRI

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha mgahawa wa utumbo, nyuma ya stesheni ya treni. Mvua ya Porto ilikuwa inapiga bati la ua. Mlango ulikuwa na komeo, na mwenye mgahawa alishaambiwa awe kiziwi mpaka jioni.

Abílio Serrão alisukuma kando sahani yake ya utumbo na maharage. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliowatisha watu. Alichovya kidole kwenye mvinyo, akachora mezani miraba miwili iliyogusana.

"Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Katikati, ukuta. Hapa, thelathini na moja, analala sonara wa Kibelgiji. Mzigo uko kwenye sefu ndani ya kabati lake. Dhahabu ya kale, ya kuvalisha mabibi harusi wa kitajiri. Jumamosi saa sita mchana anakwenda kula na Daktari. Benki zimefungwa. Mzigo unabaki."

"Mlango je?" aliuliza Lucília.

"Mlango sahau. Hoteli yenyewe haina funguo, haina hata mtu wa mapokezi. Unafungua kwa simu, na kila ukifungua mashine inaandika. Kwenye korido kamera kila kona. Wameweka macho kila mahali isipokuwa ukutani."

Wote wakamgeukia Zeferino.

Lucília alikuwa mfungua sefu, mwanamke wa arobaini na kitu, mwenye vidole vyembamba na mdomo mkali. Wa nne alikuwa Tibério, mpwa wa Abílio, dereva. Alikuwa anapangusa mchuzi wa sahani ya mjomba wake kwa mkate.

Zeferino aliwaeleza bila kupandisha sauti. Ile nyumba kabla haijaitwa hoteli ilikuwa na wapangaji, na ghorofa ya tatu alikaa yeye na mke wake, Deolinda, miaka thelathini. Thelathini na moja kilikuwa chumba chao cha kulala. Thelathini na mbili lilikuwa jiko. Ukuta wa katikati ni wa fito na chokaa, kazi ya mababu, na mafundi wa Daktari hawakuuvunja. Waliupigilia mbao nyembamba juu, wakaupaka kijivu, wakaenda zao. Kwenye makaratasi waliandika kwamba wamejenga upya. Msumeno wa mkono ungeupita kwa sauti ya mtu anayekata mkate mkavu.

Huyo Daktari, jina lake Lobato, hajawahi kutibu hata kuku. Porto ukivaa tai na kulipa wanasheria, watu watakuita Daktari mpaka siku ya kuzikwa, na kaburi lako halitaguswa na mtu. Ndiye aliyeinunua nyumba ile pamoja na watu waliomo, akawatoa, familia moja baada ya nyingine. Wengine kwa barua, wengine kwa kukata maji. Zeferino na Deolinda walitoka wa mwisho. Walipata chumba pembeni kabisa ya mji, chumba chenye ukungu ukutani. Majira ya baridi ya kwanza kifua cha Deolinda kilianza kupiga filimbi. Hakuona majira ya pili.

Na kule makaburini nako mtu wa chini huazimwa tu kaburi, hapewi. Miaka ikipita wanalifungua. Kama una jamaa, na huyo jamaa amenunua kijumba cha mifupa kwenye ukuta wa makaburi, na siku hiyo amesimama pale na kisanduku, wanamkabidhi mtu wake. Kama hakuna aliyesimama, mifupa inamwagwa kwenye shimo la wote, na hapo hata malaika hawezi kukuambia huu ni wa nani.

Taarifa ya kufungua kaburi la Deolinda ilipelekwa kwenye anwani ya zamani. Nyumba ile ile walimomtoa ndimo walimompelekea barua. Zeferino alijua Jumapili iliyopita, siku ya marehemu, alipokwenda na maua akakuta karatasi imebandikwa juu ya jiwe. Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi.

Ndiyo maana Abílio alipokuja na dili, Zeferino hakuuliza atapata kiasi gani.

"Dhahabu sina haja nayo," alisema sasa. "Nataka kijumba. Jumatatu asubuhi nisimame pale nimeshakilipia."

"Jumamosi jioni unacho mkononi," alisema Abílio. "Ni mimi ninayesema, Zé."

Abílio ndiye aliyesimamia harusi yake. Ndiye aliyebeba jeneza la Deolinda, upande wa kichwa. Zeferino hakuwa na sababu ya kutomwamini, na alijichukia kwa kuwa alikuwa anatafuta moja.

Kilichobaki kilikuwa majina. Sura za Abílio na Lucília zilijulikana na njagu wote, polisi wa mji mzima, lakini Lucília alikuwa na nywele za bandia na miwani, na mwanamke wa umri wake, alisema mwenyewe, akivaa koti la bei haangaliwi usoni. Zeferino hakuwahi kukamatwa maishani. Alibeba matofali Luxembourg miaka kumi na moja, Kifaransa cha huko kilimkaa mdomoni. Basi angekuwa Bwana Kessler, mstaafu, ametoka kutembea na mke wake, amekodi thelathini na mbili.

"Kireno hukijui," Abílio alimwambia. "Mtu akikukanyaga, lia kwa Kifaransa."

Lucília alimtazama mumewe mpya kuanzia viatu mpaka kofia. "Nimeshaolewa na wabaya kuliko huyu," alisema. "Huyu angalau ameoga."

IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI

Usiku wa kwanza Zeferino alilala kwenye kiti. Lucília alimwambia kitanda ni kikubwa kama uwanja wa mpira na yeye hang'ati, lakini hakukubali. Kitanda kilikuwa kimekaa pale lilipokuwa jiko la mkaa. Hakuweza kulala mahali Deolinda alipokuwa anasimama.

Hoteli ilikuwa ya kisasa, ya vyumba vichache, ya watu wanaolipa ili waone vitu vichache. Kuta za kijivu, taa zisizo na swichi, choo cha kioo kisicho na mlango, kana kwamba matajiri hawana aibu. Beseni jeupe la kuogea liliwekwa katikati ya chumba kama ng'ombe aliyeingia ndani. Na pale chini, penye mlango wa kuingilia, wameliweka sinki la jiwe la jiko lake Zeferino. Alilijua kwa ufa wa kona, ufa alioupiga yeye mwenyewe kwa nyundo siku ya kulifunga. Lilikuwa limejaa matofaa ya kijani kwa ajili ya wageni. Mgeni mmoja alichukua tofaa mbele yake, akaling'ata mara moja, akalirudisha.

Sonara alitoka saa nne kasorobo. Lucília alisikiliza hatua zake ngazini, akaashiria kwa kichwa kwamba waanze. Walilisogeza kabati. Zeferino akapiga magoti, akaung'oa ubao wa kijivu kwa patasi, taratibu.

Nyuma yake ukuta wa jiko ulikuwa vile vile. Rangi ya buluu ambayo Deolinda aliichagua mwaka waliohamia, akaikataa fundi alipoileta, akaikubali ilipokauka. Juu yake moshi wa miaka. Zeferino aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo.

"Mzee," Lucília alimwambia bila ukali, "ukuta hautajikata."

Akakata. Fito kwa fito, chokaa ikianguka kwenye taulo nyeupe za Daktari Lobato. Alikata tundu la upana wa mabega ya mtu, akaacha ngozi ya mwisho upande wa pili, ile ambayo teke moja tu lingeipasua nyuma ya kabati la sonara. Wakarudisha kabati lao mahali pake. Takataka wakazifunga kwenye begi.

Lucília akawasha sigara kwenye dirisha, mkono nje, akawa anatazama kichochoro.

"Umeliona gari analokuja nalo Tibério?" aliuliza mwishowe.

"Sijaliona."

"La mizigo. Lina viti vitatu."

Zeferino akahesabu kichwani, ingawa hapakuwa na cha kuhesabu. Akasema labda yeye atakaa nyuma na mabegi. Lucília akasema ndiyo, labda. Akaizima sigara kabla haijafika nusu.

JUMAMOSI, SAA MBILI NA NUSU ASUBUHI

Kifungua kinywa kiliandaliwa chini, meza ndefu moja kwa wageni wote, kwa sababu kukaa na usiowajua ndiyo mtindo siku hizi ukiulipia. Sonara alikuwa mwisho wa meza, anakula yai na kusoma simu. Binti aliyehudumu aliitwa Jacinta. Jina lilishonwa kwenye aproni. Alikuwa mtu wa milimani, mashavu mekundu, na alibeba chai kama anabeba maji ya kunywesha ndama.

Lucília alimpitishia mumewe kikapu cha mkate. Kikapu kilikuwa cha mbao laini, kizuri, hakikuwa na ukingo. Kipande kikateleza, kikaanguka sakafuni.

Zeferino aliinama. Akakiokota, akakibusu, akakirudisha kwenye sahani yake.

Hakujua kwamba amefanya. Mkono ulifanya wenyewe, kama ulivyofanya tangu ana miaka mitatu, kama wanavyofanya wote waliolelewa na bibi wa Kireno aliyewahi kulala njaa. Mstaafu wa Luxembourg angekiacha pale chini, au angemwonyesha mhudumu kwa kidole.

"Bibi yangu naye hubusu," alisema Jacinta kwa Kireno, sahani mkononi. "Nikisahau ananipiga kofi."

"Mimi mama yangu alikuwa anatumia kijiko cha mti," alijibu Zeferino.

Kwa Kireno. Kireno cha vichochoro vya Porto, kile kinachokokota maneno kama mtu aliyechoka.

Chini ya meza kisigino cha Lucília kikamkanyaga. Akaruka kwenda kwenye Kifaransa, akaomba maziwa, akaomba chumvi asiyoihitaji. Lakini Jacinta alikuwa ameshacheka. Hakuwa na shaka yoyote usoni. Alimwona mzee mhamiaji, mmoja wa wale waliokwenda mbali zamani na sasa wanaona haya kusema wametoka wapi. Alimwinamia, akamnong'oneza kwamba bibi yake amemletea mkate wa mahindi jana, wa tanuri ya kuni, si hii takataka ya hapa, na kwamba hatamwacha aondoke bila kuuonja.

Sonara hakuinua kichwa. Mwisho wa meza yai lake lilikuwa limeisha.

Ngazini Lucília alimshika mkono kama mke.

"Nitamwambia Abílio?" aliuliza Zeferino.

"Ukimwambia Abílio, kazi anaivunja. Au anakuvunja wewe." Akapanda ngazi mbili. "Mimi sijaona kitu. Ni mkate tu."

SAA SITA NA ROBO MCHANA

Sonara alitoka na mwavuli. Walisubiri mlango wa chini ujifunge. Kisha kabati likasogea, Zeferino akalala chali na kuipiga teke ngozi ya ukuta, mara moja, na vumbi jeupe likatoka chumba cha pili kama pumzi ya mtu.

Lucília alipita, akalisukuma kando kabati la sonara. Sefu za hoteli, alisema, ni kama waume za watu, zimefungwa kwa nje tu. Zeferino alibaki upande wake akisikiliza. Mbao za sakafu ya chumba cha kulala zililia chini ya magoti ya Lucília. Zeferino alizijua moja moja kwa sauti.

Saa sita na nusu mlango wa thelathini na mbili uligongwa mara mbili. Abílio, na kofia ya dereva wa teksi iliyoshushwa mpaka machoni, amekuja kubebea wageni mizigo. Bwana Kessler mwenyewe alimfungulia kwa simu, na mashine ikaandika, na hapakuwa na ubaya ndani yake. Alitazama tundu. Alimpigapiga Zeferino begani.

"Fundi ni fundi," alisema.

Lucília akarudi kupitia ukutani, nywele za bandia zimejaa chokaa, anaburuta mkoba mweusi wa ngozi. Hakuufungua. Abílio aliunyanyua, akaupima kwa mkono, akaachia tabasamu la kwanza tangu Alhamisi. Wakaanza kufunga mabegi. Zeferino alikusanya vifaa vyake: msumeno, nyundo, patasi. Patasi hakuiona. Akainua macho, akaiona mkononi mwa Abílio, anaichezea bila kufikiri, kama mtu anavyochezea kalamu.

Zeferino akauliza kuhusu gari. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Abílio akasema Zeferino atatoka kwa miguu, mtu mmoja hatiliwi shaka, watakutana mgahawani jioni. Hilo halikuwemo kwenye mpango wa Alhamisi. Lucília alikuwa anavuta zipu ya begi ambayo ilishafungwa.

Hapo mlango ukagongwa.

Mara tatu, kwa upole. Kimya. Kisha mlio mdogo wa simu ya wafanyakazi, na mlango ukafunguka, kwa sababu mhudumu wa hoteli ile alifundishwa kugonga na kuingia.

Jacinta aliingia na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha nyumbani. Harufu ya mahindi iliingia naye. Aliona kabati lipo katikati ya chumba. Aliona tundu. Aliona mwanga wa dirisha la chumba cha pili ukipita ukutani mahali ambapo haukupaswa kupita.

Abílio aliufunga mlango nyuma yake kwa kiganja, polepole, mpaka ukalia klik.

"Anakujuaje huyu?" alimuuliza Zeferino.

"Hanijui."

"Amekuletea mkate, Zé. Watu hawamletei mkate mtu wasiyemjua."

Aliyejibu ni Lucília, na alijibu akiitazama sakafu. Alieleza yote: kikapu, busu, kofi la bibi, kijiko cha mti.

"Kwa Kireno?" aliuliza Abílio.

"Cha mtaani kwetu."

Abílio akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika. "Mama yangu naye alitufundisha," alisema. "Hata mimi ningeubusu. Ndiyo maana sikutaka kukaa mezani." Halafu hakucheka tena. "Shukeni na mabegi. Mimi nakuja."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Jacinta mwenyewe alielewa. Aliukumbatia mkate kifuani.

"Tumfunge tuondoke," alisema Zeferino. "Taulo zipo."

"Taulo zinafunga mikono, hazifungi macho. Wewe amekuona, mimi ameniona. Mimi nikirudi jela sitoki."

"Ni mtoto wa watu, Abílio."

"Na Deolinda ni wa nani?" Sauti ilikuwa laini kabisa. "Jumatatu saa tatu, Zé. Utasimama makaburini, au utakuwa umefungwa na mke wa njagu anakuletea supu? Mimi ndiye nilimbeba. Nani mwingine atakusaidia katika mji huu? Daktari? Chukua begi. Shuka."

Kweli hapakuwa na mwingine. Zeferino aliliona jambo lote mbele yake, wazi kama meza. Akishuka ngazi zile, huenda Jumamosi jioni akapata alichoahidiwa. Huenda. Viti vitatu, lakini huenda. Jumatatu angesimama na kisanduku mkononi, wangempa mke wake, naye angemtia mahali penye jina. Alichotakiwa kufanya ni kushika mpini wa begi na kugeuka.

Alishika mpini. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, na hatua hizo zilimpitisha mbele ya Jacinta.

Akaliachia begi. Akamshika binti aproni kwa mikono yote miwili, akamsukuma kichwa mbele ndani ya tundu kama mtu anayeingiza gunia ghalani.

"Pita. Mlango wa kule unafunguka kwa ndani. Kimbia."

Mkate ukaanguka, ukabingirika chini ya beseni. Viatu vya Jacinta vilipiga fito, vikapotea. Zeferino akageuka, akaingia tunduni kinyumenyume, akakaa. Alilikata kwa upana wa mabega ya mtu. Sasa lilijaa mabega yake, na hapakubaki nafasi ya kupita mkono.

"Toka hapo," alisema Abílio.

Hakutoka. Patasi ilimwingia juu ya ziwa la kushoto, kwenye mfupa, ikatoka, ikaingia tena chini zaidi. Haikuuma alivyotegemea. Iliunguza. Abílio alimvuta kwa kola, akamvuta kwa nywele, lakini Zeferino alikuwa amekanyaga fito kwa visigino vyote viwili na mgongo wake ulikuwa tayari upo chumba cha kulala, magoti yakiwa jikoni. Nyuma yake alisikia ubao wa tatu kutoka dirishani ukilia, kisha mlango, kisha miguu ikikimbia koridoni mbele ya kamera zote za Daktari. Binti hakupiga kelele. Alikimbia tu.

"Abílio," Lucília aliita kutoka mlangoni, mkoba mweusi begani. "Basi. Twende."

Abílio alisimama, anahema, patasi inadondosha damu kwenye sakafu ya kijivu. Alimtazama rafiki yake wa miaka arobaini kama anayetazama ukuta. Akafuta mpini wa patasi kwa pazia, akaitupa kwenye beseni, akatoka. Lucília alibaki mlangoni kidogo zaidi kuliko ilivyokuwa salama. Midomo yake ilisogea. Labda alisema samahani, labda alimtukana. Akamfuata.

Chini, kichochoroni, gari la mizigo likawaka. Viti vitatu, watu watatu. Vipande vya rangi ya buluu vilikuwa vimemwangukia Zeferino mapajani, na alikuwa anavikusanya kwa mkono mmoja, bado anavikusanya, askari wa kwanza walipoingia.

JUMAPILI, SAA KUMI JIONI

Walimfunga pingu kwenye chuma cha kitanda, mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haukufanya kazi tena. Kwenye televisheni ya wodi Daktari Lobato alikuwa ameshaonekana mara mbili. Alisema jengo lake limejengwa kwa viwango vya juu kabisa. Alisema anawahurumia wageni. Hakusema fito.

Inspekta alikuwa kijana mwenye tai nzuri. Alimwita Bwana Couto, akavuta kiti, akamwambia binti yu mzima, hana hata mkwaruzo, na hilo litamsaidia mbele ya hakimu. Lakini mkoba haujapatikana. Walikuwa nani?

Zeferino akamweleza kuhusu kesho. Alieleza kwa mpangilio, jiwe, karatasi, saa tatu, shimo la wote. Hakuomba aachiliwe. Aliomba mtu mmoja tu asimame pale na kisanduku, hata kama ni sanduku la viatu, aseme huyu ana mwenyewe.

Inspekta akasema hilo si la idara yake. Akasema ofisi ya makaburi imefungwa Jumapili. Akasema kuna wakubwa wake, na wakubwa wake nao wana wakubwa. Kisha akakisogeza kiti karibu.

"Nipe jina," alisema. "Moja tu. Nami nitaona naweza kufanya nini."

Zeferino aliitazama dari. Alimwona Abílio kijana, kwenye ngazi za kanisa, anamrekebishia tai na kumwambia asitetemeke. Alimwona chini ya jeneza, shingo imevimba kwa uzito.

"Abílio Serrão," alisema.

Jina la mwanamke hakulitoa, na hakuulizwa mara ya pili. Inspekta alikuwa ameshasimama, simu sikioni, anatoka na mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo.

Alibaki askari wa mlangoni, mtu mzima, anakaribia kustaafu, anakula chungwa. Bila kuulizwa alimwambia kwamba mchana kuna binti alikuja, mashavu mekundu, anataka kumwona. Wamemrudisha. Si ndugu, na orodha ni ya ndugu tu. Zeferino akauliza kama aliacha namba, kama aliambiwa habari za kesho. Hapana, hakuacha namba. Hapana, hawakumwambia chochote, wangemwambia nini?

Zeferino alijaribu kuinuka, pingu ikamrudisha.

"Afande," alisema. "Huyo Inspekta amesema atatuma mtu?"

Askari akamenya kipande kingine.

"Kesho saa tatu wanafungua," alisema Zeferino. "Nani atasimama pale?"